Swali la Msomaji: Safari ya Umeme Hadi Nyumbani

SWALI: Mhariri, ninafundisha fizikia kidato cha tatu. Wanafunzi huniuliza kwa nini umeme wa Bwawa la Julius Nyerere husafirishwa kwa volti 400,000 ilhali nyumbani tunatumia 230 tu. Niwaeleze vipi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, anza na waya, si na bwawa. Mkondo unapopita kwenye waya, sehemu ya nishati hupotea kama joto, na upotevu huo hutegemea mraba wa mkondo. Kwa hiyo, kwa kiasi kilekile cha umeme, ukiongeza volti mara 10, mkondo hupungua mara 10 na upotevu hupungua mara 100. Waache wakokotoe wenyewe ubaoni, kwani hesabu hiyo hushawishi kuliko maelezo yetu marefu.

Kisha fuateni safari yenyewe: maji ya Rufiji huzungusha mitambo, jenereta huzalisha umeme, transfoma huupandisha, njia kuu huufikisha Chalinze, na vituo vya kupozea umeme huushusha kwa hatua hadi kilovolti 33 au 11. Transfoma ya mtaani, ile ya kwenye nguzo ambayo kila mwanafunzi ameiona, humalizia kazi. Waitazame kwa mbali.