Ufa, rehani na arubuni: maswali yenu kuhusu kununua na kuuza nyumba

SWALI: Nimependa nyumba moja, si mpya. Imepakwa rangi yote, inang'aa ndani na nje. Mwenyewe amenipa nusu saa ya kuiangalia. Nitajuaje kama rangi hiyo haifichi kitu?

JIBU: Nusu saa haitoshi. Omba kwenda mara mbili: siku ya jua, na siku nyingine mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kabla ya ziara ya pili usitaje bei yoyote.

Rangi mpya ya nyumba nzima si kosa, kila anayeuza hupaka. Cha kukushtua ni rangi mpya ya ukuta mmoja tu, au kona moja ya dari. Simama ubavuni mwa ukuta, ubandike tochi ya simu karibu na lipu ili mwanga ulale juu yake. Viraka, mabonde na nyufa zilizozibwa vitajitokeza kwa vivuli vyake, hata chini ya rangi mbichi.

Nyufa hazilingani. Zile nyembamba kama unywele, chini ya milimita 1, zilizotawanyika ovyo kama utando wa buibui, kwa kawaida ni lipu iliyokauka upesi. Ufa wa kuogopa ni ule wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, au unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali. Huo unasema sehemu ya msingi imetitia na nyingine imebaki. Toka nje uutafute mahali pale pale: ukiuona pande zote mbili, umepenya ukuta mzima. Kisha fungua na ufunge milango iliyo karibu. Mlango unaokwaruza sakafu au fremu iliyopinda ni ushahidi wa pili. Ufa wa kulala kwenye ukuta unaozuia udongo, hasa ukuta ukiwa umetuna, maana yake udongo unausukuma.

Ukipata ufa unaozidi milimita 5, mwite mhandisi wa majengo, si mwashi wala dalali. Mwashi atakuambia anaweza kuuziba, na kweli ataweza, lakini swali ni kama nyumba bado inatembea. Ufa wa zamani uliotulia huwa na vumbi au rangi ya zamani ndani yake, na kingo zake zimelainika. Ufa mpya una kingo kali na safi. Kama muda upo, chora alama mbili za penseli pande zote za ufa, pima nafasi kati yake, andika tarehe, kisha upime tena baada ya wiki kadhaa.

Unyevu nao una alama zake. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kawaida huishia kama mita 1 kutoka sakafuni, yakiacha mstari wa chumvi nyeupe na rangi inayobambuka. Doa lililo juu zaidi huwa limetoka kwenye paa, bomba au dirisha. Usipoelewa, bandika kipande cha foili ukutani kwa selotepu, uzibe kingo zote, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya foili, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani, na hapo tiba ni kupitisha hewa, si kuvunja lipu.

Maji: funga bomba zote, soma mita, subiri nusu saa, soma tena. Namba ikisogea kuna bomba linalovuja mahali usipopaona. Halafu fungua bomba mbili kwa pamoja na ujaze ndoo ya lita 10 kwenye moja yake. Ikichukua dakika 2 au zaidi, kuoga huku mtu mwingine akiosha vyombo kutakuwa shida. Jaza sinki zote, ziachilie kwa mkupuo mmoja, mwenzako akiwa amefungua chemba ya nje anatazama kama maji yanapita au yanarudi.

Kwenye umeme, bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kisipokata papo hapo, hakikulindi. Soketi yenye weusi au inayopata moto ikitumika ni ya kuonyeshwa fundi umeme. Na usiache kupanda darini mchana, taa zikiwa zimezimwa: vitone vya mwanga ni matundu ya paa. Chomeka bisibisi kwenye mbao hapa na pale. Ikizama kirahisi, mbao imeoza au imeliwa, na unga mbichi chini ya vitundu maana yake wadudu bado wamo.

SWALI: Mimi ndiye muuzaji. Nina akiba kidogo ya kutengeneza nyumba kabla ya kuiuza. Nianze na jiko jipya au bafu?

JIBU: Usianze na lolote kati ya hayo. Mnunuzi ana ladha yake, na mara nyingi makabati uliyoyalipia sana ndiyo atakayoyang'oa. Anza na vinavyovuja: paa, bomba, tangi la choo. Doa la maji la ukubwa wa sahani humfanya mnunuzi akadirie paa zima. Yeye hajui tatizo linaishia wapi, kwa hiyo hukata bei kwa kiasi anachokihofia, si kwa gharama ya kweli. Baada ya hapo tengeneza milango inayokwama na vioo vilivyovunjika, kisha usafi, na rangi iwe ya mwisho. Ukipaka juu ya unyevu, rangi itabambuka labda siku ile ile anayokuja mteja.

Kama kuna ufa uliowahi kurekebishwa, useme na utoe stakabadhi na ripoti ya mhandisi. Kasoro iliyoelezwa kwa maandishi hujadiliwa mara moja kwenye bei. Iliyofichwa kwa makusudi inaweza kukurudia mahakamani nyumba ikiwa si yako tena.

Kuhusu bei, linganisha na bei ambazo nyumba za jirani zimeuzwa, si zile zinazotangazwa. Wengi wakija kuona na hakuna anayetoa ofa, walichokikuta hakilingani na bei. Wasipokuja kabisa, kagua bei na picha za tangazo.

SWALI: Dalali anataka arubuni, yaani malipo ya kutanguliza, leo jioni, anasema kuna mtu mwingine anaitaka nyumba. Nimeonyeshwa nakala ya hati. Nilipe?

JIBU: Ndugu msomaji, usilipe. Nakala inaonyesha hati ilivyokuwa siku ilipopigwa, haionyeshi kilichotokea baadaye. Mtu anaweza kuwa na hati safi mkononi na nyumba ikawa imewekwa rehani, au ina zuio la mahakama.

Wakili wako afanye upekuzi kwenye ofisi inayosajili ardhi. Ahakikishe jina la mmiliki linalingana na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya kiwanja, ukubwa wake, rehani na mazuio. Wamiliki wakiwa wawili, wote wasaini. Mwenye ndoa, ulizia ridhaa ya mwenzi wake. Mmiliki akiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Mpima ardhi naye aitafute mipaka kiwanjani na kuilinganisha na ramani, kwa sababu ukuta wa jirani ulioingia mita 1 hauonekani kwenye karatasi. Upekuzi urudiwe karibu kabisa na siku ya malipo ya mwisho. Zuio linaweza kusajiliwa katikati.

Arubuni yenyewe itolewe baada ya mkataba wa maandishi, ikae kwenye akaunti ambayo wakili huwekea pesa za wateja wake, na mkataba utaje lini inarudi: hati ikiwa na kasoro, mkopo ukikataliwa, ukaguzi ukifichua tatizo la muundo. Pesa iliyoingia mfukoni mwa muuzaji utaifuata kwa kesi.

SWALI: Benki inanipa mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20. Wa 20 una rejesho dogo. Si ndio nafuu?

JIBU: Rejesho ni dogo, deni si nafuu. Chukua riba ya asilimia 12 kwa mwaka isiyobadilika. Kwa kila 100,000 unayokopa, miaka 20 utalipa kama 1,101 kwa mwezi, jumla zaidi ya 264,000. Kwa miaka 15 ni 1,200 kwa mwezi, jumla 216,000. Tofauti ya 99 kwa mwezi inakugharimu 48,000 mwishoni.

Chanzo chake kiko mwanzoni mwa mkopo. Katika rejesho la kwanza la 1,101, riba ni 1,000, na 101 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka 5 utakuwa umelipa 66,000 na bado unadaiwa karibu 91,700. Anayepanga kuuza mapema aijue namba hii.

Kama kipato chako hupanda na kushuka, chukua wa miaka 20 lakini ulipe 1,200 miezi mizuri. Kwanza uliza mambo matatu, ujibiwe kwa maandishi: kuna faini ya kulipa mapema? Ziada inapunguza deni la msingi papo hapo? Riba inaweza kupanda? Ikifika asilimia 14, rejesho la miaka 20 linakuwa kama 1,244.

SWALI: Nyumba ninayouza bado ina rehani. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana. Omba benki barua ya kiasi cha kumaliza deni kwa tarehe maalumu, ikitaja riba ya kila siku inayoongezeka baada ya tarehe hiyo. Malipo yakichelewa wiki moja, kiasi cha barua hakitatosha na benki haitaiachia hati. Wakili wa mnunuzi ailipe benki moja kwa moja, salio ndilo lije kwako.

SWALI: Siku ya kukabidhiwa funguo nifanye nini?

JIBU: Piga picha mita za maji na umeme mkiwa wote wawili, na muuzaji akuonyeshe risiti za ankara za mwisho. Pita na orodha iliyoambatanishwa na mkataba: pampu, tangi, hita, taa, feni, vyote viwepo na vifanye kazi. Kisichoandikwa, usishangae kukuta kimeondoka. Bima ya nyumba iwe imeanza siku hiyo, au mapema zaidi kama mkataba unakubebesha hasara tangu kusaini. Na vitasa vya milango ya nje badilisha kabla ya kulala humo usiku wa kwanza, kwa sababu hata muuzaji mwenyewe huenda hajui funguo ngapi zimeshachongwa.