Maswali Yenu: Mteja anataka asetoni dramu kumi, niripoti ama ninyamaze?

SWALI: Habari za kazi hapo gazetini. Mimi ni karani kwa duka la kemikali Kampala, si mbali na Kikuubo, tunauza thina, asidi ya betri, asetoni na vitu vya kutengeneza sabuni. Kuna mteja ameanza kuja mwezi uliopita, anasema ana saluni Tororo. Mara ya kwanza alichukua jerikeni moja ya lita 20, wiki iliyofuata tano, sasa anataka dramu kumi, analipa keshi yote, risiti yenye jina hataki, na juzi akaniambia nimsaidie kubandua lebo kwa wembe kabla boda haijabeba. Bosi anasema pesa ni pesa. Mimi silali. Nikiripoti kumbe ni mtu wa saluni kweli nimemharibia jina, na kama ni wale wenyewe wa madawa watajua ni mimi. Nifanye nini?
Karani, Kampala

JIBU: Mdogo wangu, pole, na asante kwa kuandika mapema kabla dramu hazijatoka dukani. Kabla sijaanza kuandika hii safu nilikaa stoo ya rangi miaka kadhaa kwa hivyo hilo tumbo linalokuuma mimi nalijua.

Anza na hesabu. Dramu moja ni lita 200, kumi ni lita 2,000. Ukizigawa kwa vile vichupa vya kufutia kucha vya mililita 100 unapata vichupa 20,000, na mtu ana saluni moja Tororo! Asetoni yenyewe si haramu, hilo ulishike vizuri, watu wa rangi wanaitumia, watu wa fiberglasi wanaitumia, na wengi wanaokuja kwenu ni watu safi kabisa. Lakini iko kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kupambana na biashara ya madawa ya kulevya, ule wa Vienna, pamoja na tolueni, asidi ya salfa na nyingine, kwa sababu watengenezaji wa kokeni na heroini nao wanazitafuta. Uganda imo kwenye mkataba huo. Kifungu cha 12 kinataka waagizaji, wauzaji wa jumla na hata wa rejareja waiambie serikali wakiona oda ya kutia shaka. Oda ya kutia shaka, si mtu aliyethibitishwa mwizi. Wewe hupeleki hukumu, unapeleka kile ulichoona, kazi ya kujua kama saluni ipo ama haipo ni ya polisi, na kama ipo kweli wataenda wataiona na mambo yataishia hapo.

Kilichonishtua zaidi ni hiyo lebo. Lebo ina jina la kampuni iliyoagiza na namba ya bechi, na mzigo ukikamatwa popote njiani ama ndani ya nyumba fulani, polisi wanaanza na lebo wanarudi nyuma hadi dukani na hadi kwa aliyenunua. Mtu anayetaka itoke anataka hiyo kamba ikatike. Usishike wembe huo, hata akikupa ya soda.

Sasa fanya hivi. Usigombane naye, usimuulize maswali ya upelelezi, na usimwambie unamshuku. Mwambie stoku ya kiasi hicho haipo, aache namba. Akiondoka tu, andika kwa daftari tarehe, kiasi, alilipaje, namba ya pleti ya boda ama gari, na alichosema kwa maneno yake, maana baada ya wiki mbili kichwa kinachanganya. Nakala za risiti za zile jerikeni za kwanza ziweke pamoja. Halafu piga 999 ama 112, ni bure, uombe watu wa kitengo cha madawa ya kulevya.

Kama hapo kituo cha karibu kuna mtu humwamini (najua inatokea), Uganda tuna sheria ya kulinda watoa taarifa ya mwaka 2010, inakuruhusu kupeleka habari hata kwa ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani) ama ya IGG (mkaguzi mkuu wa serikali), na mtu akitoa jina lako bila ruhusa anafanya kosa. Kwa hivyo usimwambie rafiki, usiweke kwa grupu ya WhatsApp, hapo ndipo siri nyingi zinapovujia.

Bosi je? Mkalishe mkiwa wawili, taratibu, umwambie dramu zikikutwa kwa watu wabaya mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Na asidanganywe na wanaosema sheria ya madawa ya kulevya ilifutwa. Ni kweli mahakama ya katiba iliibatilisha 2023 kwa sababu akidi bungeni, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, haikutimia, lakini bunge liliipitisha tena mwaka huohuo. Akikataa bado wewe ripoti.

SWALI: Mimi niko na famasi ndogo Mbale. Kuna kijana anachukua dawa ya mafua yenye sudoefedrini, kila siku boksi mbili tatu, na rafiki zake pia wanakuja. Inahusiana?
Mama Famasi

JIBU: Inahusiana sana mama yangu. Efedrini na sudoefedrini ziko kwenye jedwali la kwanza la mkataba huohuo kwa sababu ndizo zinazotumika kutengeneza methi, ile dawa ya kulevya methamfetamini, na kununua kidogo kidogo kwa kupitia watu wengi ni njia yao ya zamani. Mpe kila mtu kiasi cha mgonjwa mmoja, anayetaka zaidi alete karatasi ya daktari, na uwaambie maafisa wa NDA (mamlaka ya dawa ya taifa) wa eneo lako wiki hii hii. Waulize na wenzako wa famasi za jirani, pengine kijana huyo anazunguka kote.