Mwanaisha ni Aisha?

Ndugu yangu, umeuliza kama Mwanaisha na Aisha ni jina moja, na lipi liingie kwenye cheti cha binti yenu.

Asili ni moja. Aisha ni la Kiarabu, maana yake "aliye hai", mzizi uleule uliotupa ishi na maisha. Limeenea sana kwa sababu ya Bi Aisha, mke wa Mtume. Hata Senegali wana Aïssatou. Mwana ni letu. Hapa si "mtoto", ni heshima ya bibi mwenye hadhi, kama Mwana Mkisi, malkia anayetajwa katika masimulizi ya Mombasa ya kale. Hivyo Mwanaisha ni Aisha aliyevishwa heshima ya Kiswahili, na kwangu ndilo zuri zaidi.

Angalieni tahajia. Mtaani utasikia Esha, Mwanaesha, Mwanaasha, na karani huandika alichosikia. Wengine hulikata "Mwana Isha", na isha peke yake ni swala ya usiku! Liandike neno moja, herufi kubwa, kwenye karatasi, umpe anayejaza fomu hospitalini, kisha ulisome herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Kwa Kenya, msipitishe miezi 6 bila kusajili. Jina likikosewa, lirekebisheni kabla ya miaka 2 tangu usajili.