Amiba hasi arobaini: kama unaanza modeli za kemotaksia pitia hapa

Mwaka wa kwanza wa masters nilipewa kazi ya kemotaksia, yaani vile seli zinavyonusa kemikali na kuifuata, na mi kwa kiherehere changu nikarukia moja kwa moja milinganyo ya Keller na Segel ya 1970, ile ya amiba wa Dictyostelium ambao njaa ikiwabana wanaitana kwa kemikali mpaka wanarundikana pamoja. Nikakesha, grafu ikatoka tamu, nikamtumia supavaiza. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Hawa amiba hasi arobaini hapa pembeni ya rundo wanaishi wapi?"

Jamani.

Kosa lilikuwa kwenye ule mwendo wa kufuata kemikali, kwenye kila mpaka wa vipande nilivyokatia eneo nilikuwa nachukua wastani wa seli za kipande cha kulia na cha kushoto, sasa pale kemikali inapopanda ghafla hesabu inayumba na kushuka chini ya sifuri. Chukua thamani ya upande ambako seli zinatokea, basi, ni mstari mmoja wa programu. Halafu kila hatua piga jumla ya seli zote. Milinganyo hii haizai wala haiui, kwa hiyo kama umefunga mipaka na jumla inapanda au kushuka, usiangalie hata grafu, rudi kwenye programu.

Ila kuna mtego mwingine ulinila wiki mbili nzima: kwenye eneo bapa (2D), seli zikizidi kiwango fulani, msongamano unapaa bila kikomo na hiyo siyo bagi (kosa la programu), ni modeli yenyewe iko hivo. Kwenye mstari tu (1D) haitokei, ndo maana anza huko.

Na kama bado unaona giza, weka milinganyo pembeni uigize bakteria mmoja wa E. coli. Ananyoosha kama sekunde moja, anajipindua kidogo, anashika njia nyingine yoyote ile. Mambo yakiwa yanazidi kunoga anachelewa kujipindua. Ni mdogo mno kulinganisha kichwa na mkia, so analinganisha sasa hivi na sekunde chache zilizopita. Waachie mia tano kwenye skrini uone wanavyojikusanya wenyewe bila kujua wanakoenda, mi hapo ndo nilielewa ile alama ya kai (χ) kwenye milinganyo, yaani nguvu ya seli kuvutwa na kemikali, inatoka wapi.

Siku hizi natuma jumla ya seli kwanza ndo grafu ifuate, na supavaiza bado anazoom pembeni.