Maswali ya Wasomaji: Treni Zimejaa, Nafasi Itoke Wapi?

SWALI: Mhariri, salamu. Treni ya asubuhi kutoka Ruiru kwenda Nairobi mjini hujaa mpaka watu wakaning'inia milangoni. Kwa nini zisinunuliwe treni nyingine tano, ziwe zinapita kila dakika kumi? – Msomaji, Ruiru

JIBU: Ndugu msomaji, kilio chako ni cha haki, lakini treni tano mpya kwenye njia moja inayotumika kwenda na kurudi zitabaki zikisubiriana. Treni mbili zinazokutana hupishana tu penye njia ya kupishania, yaani reli ya pembeni ambako moja husubiri nyingine ipite, na kipande kirefu kuliko vyote kati ya sehemu mbili za namna hiyo ndicho kinachoamua idadi ya treni kwa saa.

Tupige hesabu ya mfano. Kipande ni cha kilomita 8, na wastani wa mwendo ni kilomita 40 kwa saa: dakika 12. Ongeza dakika 3 za kusimama, kugeuza swichi za reli (zinazohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine) na kupata ruhusa ya kuingia. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi ni nusu saa, yaani treni 2 kwa saa kila upande, hata karakana ikiwa na treni hamsini.

Sasa jenga njia ya kupishania katikati ya kipande hicho. Mwendo unakuwa dakika 6, lakini zile dakika 3 hazikatiki. Dakika 9 mara mbili ni 18, kwa hiyo utapata treni 3 kwa saa na akiba ndogo. Wengi hutarajia 4, na hapo ndipo ratiba nzuri kwenye karatasi huanza kuchelewa kila siku. Ukitaka ya nne, punguza zile dakika 3: weka swichi za mota zinazoongozwa kutoka chumba cha udhibiti, badala ya mtu kushuka na kuvuta wenzo.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kugawa vipande kwa kilomita. Vigawe kwa dakika, kwa sababu kilomita 3 za mlima na kona zinaweza kula muda kuliko kilomita 5 za tambarare. La pili ni kujenga njia fupi ya kupishania. Mabehewa 10 ya mita 20 pamoja na injini ni kama mita 220. Pungufu ya mita 300 usikubali, maana dereva anahitaji nafasi ya kusimama bila kugusa swichi ya mbele.

Kisha angalia stesheni ya mwisho. Treni inayovutwa na injini hufika, injini ikafunguliwa, ikazunguka, ikafungwa upande wa pili, na breki zikapimwa: dakika 20 hupita kwa urahisi. Treni yenye chumba cha dereva kila ncha, kama zile za dizeli zilizotumika Hispania kabla ya kuanza kazi Nairobi mwaka 2020, inaweza kugeuza kwa dakika 8. Faida hiyo haihitaji kumwaga hata lori moja la zege, nami ningeanzia hapo.

SWALI: Naishi London. Thameslink, huduma ya treni inayokatiza jiji kutoka kaskazini hadi kusini, ilijengwa ipitishe treni 24 kwa saa kila upande katikati ya jiji, kwa njia mbili tu, moja kila upande. Inawezekanaje? – Msomaji, London

JIBU: Treni 24 kwa saa ni moja kila sekunde 150. Treni ya mabehewa 12 pale ina urefu wa karibu mita 243. Tukichukua mwendo wa kilomita 48 kwa saa na breki za kawaida za treni ya umeme, hesabu inakuja hivi: sekunde 45 za kusimama jukwaani, kama 27 za kuondoka mpaka mkia utoke, 8 za mitambo kuthibitisha njia iko wazi, na 39 za treni ya nyuma kuingia na kusimama. Jumla 119. Akiba ni sekunde 31. Abiria wakizuia mlango, 45 zikawa 75, akiba yote imekwenda na treni zote za nyuma zinapunguza mwendo.

Ndiyo maana kati ya stesheni za St Pancras na Blackfriars, katikati ya jiji, kompyuta ndiyo inayoongeza mwendo na kufunga breki, dereva akisimamia. Si kwamba madereva hawajui kazi. Kila dereva hufunga breki kwa namna yake, na tofauti ya sekunde 5 au 10 kwa kila treni hailipiki kwenye akiba ya 31.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa nje ya kipande hicho. Blackfriars, njia za treni zinazopita moja kwa moja zilihamishiwa upande wa mashariki ili zinazoishia hapo zisizikate. Bermondsey, karibu na London Bridge, njia zilijengwa zipishane juu na chini. Stesheni ya Farringdon, majukwaa yaliporefushwa yaliziba makutano ya tawi la Moorgate, likafungwa mwaka 2009. Hiyo ni bei halisi: baadhi ya abiria walipoteza treni yao ili wengine wapate mabehewa 12.

Na bado, ratiba mpya ya Mei 2018 ilivurugika vibaya. Reli na treni zilikuwepo, lakini ratiba ilikamilika kwa kuchelewa, na madereva wa kutosha hawakuwa wamefunzwa njia mpya. Mafunzo ya njia huchukua wiki nyingi, kwa hiyo ratiba ifungwe mapema, tena bila huruma.

SWALI: Kipi bora, treni nyingi au treni ndefu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndefu, kama majukwaa yanaruhusu. Mumbai ilitoka mabehewa 9 hadi 12, na baadhi ya treni 15. Kutoka 12 hadi 15 ni robo zaidi ya abiria bila kuongeza treni hata moja kwenye ratiba. Ila kagua pia nguvu ya umeme, mahali pa signali, na urefu wa njia za kulaza treni usiku. Hizo za kulaza ndizo husahaulika.

SWALI: Kikundi chetu cha abiria Dar es Salaam kinataka kupeleka hoja kwa wahusika. Tuanze kupima nini? – Msomaji, Ubungo

JIBU: Chagueni stesheni yenye abiria wengi kuliko zote, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, siku tano za kazi. Kwa kila treni andikeni nyakati nne kwa sekunde: magurudumu yaliposimama, mlango ulipofunguka, abiria wa mwisho alipopanda, magurudumu yalipoanza kuzunguka. Mlango ukiwa wazi muda mrefu baada ya abiria wa mwisho, treni inasubiri ruhusa au kupishana. Abiria wakiwa bado wanasukumana mpaka dakika ya mwisho, shida ni milango michache au jukwaa la chini mno. Andikeni kila behewa peke yake, kwa sababu mara nyingi lililo mbele ya ngazi hufurika na la mwisho lina viti.