Madogo mnaoanza kuchora, anzeni na Tingatinga

Madogo, karibu kila anayenifuata kijiweni anataka nimfundishe kuchora ukutani, na swali la kwanza ni rangi za kupuliza zinauzwa wapi. Mi namuuliza, Edward Saidi Tingatinga unamjua? Wengi wananijibu si zile picha za watalii. Jamani, huyo alikuwa mtu!

Katokea Tunduru, akapita mashamba ya mkonge kule Tanga, ndo akaja Dar, kafanya kazi za majumbani na bustani. Mwaka 1968 akaanza kuchora, shule ya sanaa hakusoma na kanvasi hana, akachukua vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kiwandani, na rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege, watu wa kijijini, halafu anazipanga nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, wazungu wakitoka kununua mahitaji yao lazima wazione. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, walidhani ni mhalifu, akafa. Miaka 4 tu! Hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa angalia, ndani ya hiyo miaka 4 alishawakalisha ndugu na jamaa zake chini akawafundisha, na hao ndo walioibeba kazi, mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika na jina lake likageuka jina la aina nzima ya uchoraji.

Kwa hiyo usisubiri vifaa. Mi nilikaa karibu mwaka nadunduliza hela ya makopo ya kupuliza, huku jirani yangu kwa brashi mbili na rangi ya kubaki ya fundi nyumba kashachora vibanda vya vinyozi mtaa mzima, ameshajulikana.

Rangi ya mafuta inataka subira, paka rangi ya chini kwanza, iache ikauke kabisa ndo uweke mnyama, ukiwahi zinachanganyika na madoa yote yanakuwa matope. Na ukuta wa Dar uuguse kwanza, hasa masika. Nishawahi kupaka ukuta wa duka plasta ikiwa na unyevu kwa sababu mwenye duka ananiharakisha, wiki chache rangi ikavimba ikabanduka, nikarudia kwa hela yangu.

Kuiga iga tu, mkono unafunguka hivyo, wanafunzi wake nao walianza kwa kuiga. Ila picha ya mwenzio usiisaini jina lako, hiyo sikubaliani nayo hata kidogo. Na ukishajua kuchora jicho la chui likakaa sawa, mfundishe na dogo mwingine hapohapo, usingoje uwe bingwa.

Anayetaka aje asubuhi kabla jua halijawa kali, na kipande cha hadibodi, brashi na kopo moja dogo la rangi, tutaanza na rangi ya chini.