Nina leseni ya urubani wa biashara na saa 210 za kuruka. Nitaingiaje kwenye kilimo anga?

Swali: Shikamoo kapteni. Nina miaka 25, nina leseni ya urubani wa biashara na saa 210, karibu zote za Cessna 172, ile ndege ndogo ya mafunzo. Nimekulia Mbarali, Tanzania, nimeona kwelea kwelea wakimaliza mpunga wa baba huku sisi tukipiga madebe. Nataka kurusha ndege za kunyunyizia dawa, lakini kila ninapoomba naambiwa saa hazitoshi. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anzia chini, kwenye mapipa ya dawa.

Wanaposema saa hazitoshi wanasema kweli, ila hawakuelezi sababu. Ndege nyingi za kazi hii, kama Air Tractor AT-502, zina kiti kimoja. Hakuna mwalimu wa kukaa pembeni; siku ya kwanza unapoipandisha uko peke yako, na tangi linabeba lita 1,900 hivi. Mwenye ndege, na bima yake, watamkabidhi mtu ambaye wameshamwona akifanya kazi. Anayeonekana uwanjani kila siku, alfajiri hadi giza, ni yule anayechanganya dawa na kujaza tangi.

Mimi nilichanganya dawa misimu miwili kabla ya kuruka. Pale nilijifunza kipimo cha dawa kwa hekta, nozeli (kitundu cha kunyunyizia) iliyoziba inavyoacha mstari wa mimea isiyoguswa, na kwa nini mchana wa joto tangi halijazwi hadi juu kwenye uwanja mfupi wa vumbi. Nilijifunza pia kuogopa dawa yenyewe. Fenthioni inayotumika kwa kwelea ni ya jamii ya ogano-fosfeti: hushusha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi mwilini. Dalili zake ni jasho, mate kujaa, kichwa kuuma na mboni za macho kusinyaa. Sasa fikiria: kwelea hunyunyiziwa jioni, wakisharudi kulala kwenye matete au miiba. Rubani mwenye mboni zilizosinyaa anaingia kwenye mwanga hafifu akitafuta waya wa umeme. Mwenzangu mmoja alificha maumivu ya kichwa siku 3 ili asikose kazi, tukaishia kumbeba kwenda hospitali. Pima damu kabla ya msimu, upate kiwango chako cha kawaida cha kimeng'enya hicho, kisha urudie msimu ukiendelea. Ukiambiwa hakuna haja, ondoka hapo.

Wakati huohuo, tafuta ndege yenye gurudumu la mkia, kama zilivyo nyingi za kazi hii. Hapa weka akiba yako yote. Saa 20 za kweli humo nazithamini kuliko 100 zaidi za Cessna 172. Katika ndege hizi uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ukitua kwa upande kidogo tu, mkia unataka kuja mbele na ndege inazunguka. Miguu yako lazima ijifunze kufanya kazi bila kungoja kufikiri.

Kisha kuna kugeuka. Watu huogopa kuruka mita 3 juu ya mazao, na waya kweli unaua. Shamba likague kwa miguu au kwa gari, hesabu nguzo, uliza wenyeji. Lakini rubani mgeni mara nyingi humalizwa na ile kona ya mwisho wa shamba. Ukilaza ndege digrii 60, bawa linabeba mara 2 ya uzito, na mwendo ambao likishuka chini yake linaacha kubeba unapanda kwa asilimia 41. Ukikaza kona kwa sababu umechelewa kurudi kwenye mstari, huna kimo cha kujiokoa. Acha mstari upite, zunguka upya. Na anza shamba upande ule upepo unakoelekea, usogee ukiufuata unakotoka, usije ukapita ndani ya wingu la dawa yako mwenyewe.

Kuhusu nafasi: kwetu ni chache. Kuna kazi za serikali za kwelea na nzige, na shirika la kikanda la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, lililoanzishwa mwaka 1962. Afrika Kusini ina soko kubwa zaidi, na sheria zake zinadai kibali maalumu cha urubani wa kilimo juu ya leseni. Droni nazo zinachukua mashamba madogo, na sioni zikirudi nyuma. Jifunze kuzirusha: vitone, upepo na vipimo ni elimu ileile, na zitakulisha ukiwa unangoja.

Usitume barua pepe tu. Nenda mwenyewe Februari au Machi, kabla mpunga haujaanza kubeba nafaka, uulize wenye ndege kama wanahitaji mtu wa kuchanganya dawa. Uwaambie una leseni, lakini wakikupa pampu, ishike.